Trekta Lililokosa Kona

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. La, nasema uongo. Themanini na nne baba wa wale ndugu watano alikuwa hai bado na shamba lilikuwa moja. Ni themanini na sita, mwaka walipogawana.

Aliyepima alikuwa kaka mkubwa, yule waliyembandika jina Klachi, maana tangu ujana hakushuka kwenye trekta la baba yao, kuukuu, bomba la moshi limefunikwa kopo la maziwa mvua isiingie. Alipima kwa hatua, kwa moyo mweupe. Asinung'unike mtu: kila mmoja wa wale ndugu watano apate kidogo barabarani na kidogo mtoni. Shamba likatoka vipande vitano, virefu na vyembamba kama mishipi. Wakamshukuru, kila mtu akajaza chake mazao na ua mpaka ukingoni.

Msimu ulipofika, Klachi akashuka akilima hadi mtoni. Huko ndiko akili ilikomrudia. Trekta lenye jembe nyuma haligeuki ndani ya hatua kumi na mbili, na huo ndio upana wa kila mshipi. Kushoto mihogo ya dada yake, kulia ua wa miti wa mdogo wake.

"Kaka, ukinikanyagia mihogo tutaonana wabaya," dada akasema, nusu akicheka.

"Niachieni hatua nane tu huku chini, kila mmoja, nikate kona. Nitawalimia wote."

"Hatua nane zangu?" mdogo wake akadakia. "Si ulipima mwenyewe, kaka?"

Klachi akainua jembe, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, shingo imepinda. Miaka minne alilima hivyo, mbele kazi, nyuma bure. Watu wakasema Klachi anapiga shamba pasi. Mkewe alichoka kumkanda shingo.

Msimu wa tano, chini kabisa mtoni, gia ya rivasi ikalia kama mfupa unaovunjika. Fundi akaja, akachovya kidole kwenye oili, kikatoka na chenga za chuma.

"Mzee, gia hii iliwekwa ya kutokea bandani. Wewe umerudi nayo shamba zima."

"Nyingine itapatikana?"

"Ya trekta la umri huu? Labda lizae."

Gia za mbele zilikuwa nzima, lakini mbele ni mto. Ng'ombe wa jirani walilivuta kutoka nyuma, wakakata kamba. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa. Klachi akawaita ndugu zake wanne. Hakutaka tena hatua nane. Alitaka apitishwe mara moja tu katika vipande vyao, aligeuze trekta, alitoe kabla ardhi haijalainika. Dada akatazama mihogo yake. Mdogo mtu akashika ua wake kama unataka kukimbia. Wale wawili wengine wakasema wanawasikiliza wenzao.

Mvua zikaja, trekta likazama hadi ekseli. Msimu uliofuata wote watano walilima kwa jembe la mkono, wameinama bega kwa bega, kila mtu katika mshipi wake. Na alichowauliza siku ile kando ya mto, hakuna aliyemjibu hata leo:

"Sawa, ndugu zangu, basi nigeuzie wapi?"