Mkate wa Mapera Nyuma ya Mlango

Jumapili iliyopita mpishi wa bweni letu aliunguza maziwa, akajaribu kuficha kosa lake kwa mdalasini. Wenzangu walimsema mpaka wakachoka. Mimi nilibaki kwenye foleni na bakuli langu, masikio yananiwaka kama mtu aliyefumaniwa jikoni. Sogea karibu, msomaji, maana harufu ile tunajuana nayo.

Nilikuwa darasa la pili, na ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha Ujamaa, upande wa Mungaa. Kule tulikotoka, jirani alikuwa mtu wa kumwita mpaka koo likauke. Kati yenu palikuwa na shamba zima la mtama. Sasa nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Ukipiga chafya kwako, nyumba ya tatu wanakupa pole. Mama yangu alikuwa bado hajazoea.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Salome, mwenye watoto wengi na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ndiye aliyetusaidia kukandika nyumba, udongo umempanda mpaka kwenye nyusi, na tangu hapo kila asubuhi alituletea maziwa bila kuombwa.

Jumapili moja akaja Shangazi Paulina, dada yake baba, aliyekuwa akiwapikia masista wa misheni. Alileta mkate uliokauka kiasi cha kuweza kumfukuzia mbwa. Niliuliza kama ni wa kula au wa kujengea, nikapigwa jicho. Akaukata vipande, akavipanga kwenye sufuria iliyopakwa samli. Akapiga mayai ndani ya maziwa ya Mama Salome, akatia mdalasini, akavimwagia na kuviacha vinywe mpaka vilegee. Juu akatandaza mapera yaliyoiva, yametolewa mbegu, kisha asali. Akafunika, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Alisema masista hula chakula hicho saa nne wakitoka misa, kikawa chai na chakula cha mchana kwa mpigo mmoja. Niliwaonea huruma sana: watu wazima na akili zao, wanajidhulumu mlo mzima.

Harufu ilipoanza kutembea, mama aliitazama sufuria, akatutazama sisi watoto, akasikiliza kelele za watoto wa jirani. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alifunga mlango, mchana kweupe. Kwetu mlango wa mchana hufungwa kukiwa na mgonjwa. Ukila, mlango uko wazi, na anayepita unamkaribisha.

"Ni kidogo, wifi," alimwambia shangazi bila kumtazama.

Tukala kwenye kiza. Nisikudanganye, kilikuwa kitamu: ndani laini, juu asali imekauka ikawa ngozi, na mapera yanauma ulimi kidogo. Ndipo tukasikia hodi.

Tulitulia, mashavu yamejaa kama ya panya. Hodi ikaja tena, halafu sauti ya Salome, mwenzangu wa darasani.

"Wapo, mama. Wanapika kitu kitamu."

"Hawapo," mama yake alijibu, kwa sauti ya kufika mpaka ndani. "Harufu haina mwenyewe. Twende."

Hakuna aliyetafuna. Mama aliweka kipande chake chini na hakukigusa tena. Jua lilipopinda alikifunikia sahani pamoja na mabaki mengine, akanifuta mdomo kwa pindo la khanga, kwa nguvu kama anayesugua sufuria, akanituma. Nikaseme shangazi ndiyo kwanza ameipua.

Nilimwamkia Mama Salome shikamoo, nikautoa uongo wangu bila kukwama hata mahali pamoja. Kipaji nilikuwa nacho. Alipokea kwa mikono miwili, akawagawia watoto wake vipande vidogo vidogo kama dawa. Yeye hakujiwekea. Kile cha mwisho, kikubwa kuliko vyote, alikiweka kwenye kiganja changu.

"Onja na wewe, mwanangu. Kama ndiyo kwanza kimeiva, basi bado hujakila."

Nikala. Nikatoa macho, nikatikisa kichwa, nikashangaa utamu kama mgeni kabisa. Salome alinitazama bila kucheka.

Kesho yake maziwa yalikuja kama kawaida, na kwa miaka niliwatambia wenzangu kwamba nilimdanganya mtu mzima mchana. Mpaka nilipofika hapa bwenini, nikawaona wanaolamba siagi ya nyumbani chini ya blanketi huku wenzao wameamka, na wenzao wakijifanya wamelala. Hapo nikaelewa kuwa lile neno "hawapo" Mama Salome hakumwambia mwanawe. Alituambia sisi, ili kesho tuweze kumtazama usoni.

Na kile kipande? Bado sijajua kama alinipa kwa huruma au alinichapa nacho. Ninachojua ni kwamba fimbo ningekuwa nimeshaisahau.