Lambo Lililo Juu ya Nyumba ya Shangazi

Niliondoka Musoma kwa sababu ya simu ya shangazi yangu, Nyamisi. Alisema shimo la choo chake limejaa maji, na masika hata hayajaanza. Nyumba yake iko bondeni, kati ya Bunda na Butiama, chini ya lambo la udongo ambalo familia ya Bwana Mwita ilichimba zamani kunyweshea ng'ombe. Mimi si mhandisi. Mambo ya mabwawa nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma kwenye simu, tangu shangazi aliponunua kiwanja kile na mimi nikakosa usingizi. Naogopa sana kukosea. Begi nililifungua tena na tena kuhakikisha kamba ya kupimia imo.

Bunda, asubuhi. Nilimtafuta mhandisi ambaye Mwita alimwajiri kulipangia lambo daraja la hatari. Alinikaribisha vizuri, akasema lambo lile ni la daraja la chini. Daraja hilo haliulizi tuta linalozuia maji lina nguvu kiasi gani. Linauliza likibomoka litaua nani. Nikamuuliza chini ya tuta aliona nini.

"Malisho," akasema.

"Shangazi yangu anaishi kwenye hayo malisho. Na wajukuu zake."

Akajibu kwamba alipopima hapakuwa na nyumba, na mwenye lambo hajamwita tena. Akiitwa atakwenda. Hasira zilinipanda, kisha nikamshukuru. Ndivyo nilivyo: nikikasirika, nashukuru.

Mchana bodaboda ilinishusha kando ya shamba la pamba, nikapanda tutani kwa miguu. Mikaratusi mikubwa imeota juu ya tuta. Ilipandwa eti kulishika, kumbe mizizi inalitoboa. Chini yake maji yalikuwa yanachuruzika yakiwa na matope, maana yake udongo wa tuta unaondoka nayo. Utoro, ile njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi, ulikuwa umezibwa kwa mawe na vipande vya nyavu.

Mwita alinikuta nikipima.

"Dogo, umesomea wapi haya?"

"Kwenye simu."

"Basi lipigie simu tuta, liache kuvuja."

Wachungaji wake wakacheka. Alisema babu yake alilijenga kwa jembe na maksai, na halijawahi kubomoka. Nilipomuuliza aliyeuza viwanja vya bondeni ni nani, alisema ardhi ni yake. Nikamwomba azibue utoro.

"Waulize walioziba," akasema.

Nikashuka kwa shangazi. Alikuwa anapara perege, hakuinua uso.

"Mvua ikijaga, perege wote walikuwaga wanatoroka, baba. Tukaziba."

Mwita aliwaruhusu yeye na majirani wavue kila Jumamosi, mradi wasiguse yale mawe, kwa kuwa yalimwongezea maji ya ng'ombe. Nilimkasirikia shangazi kuliko nilivyomkasirikia Mwita, na nilipandisha sauti mbele ya majirani, jambo ambalo bado linaniaibisha. Niliwaambia maji yakikosa njia ile yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu halisimami.

Jioni shangazi alichukua sululu. Wanawake wenzake wakamfuata. Tuliondoa jiwe moja moja ili maji yashuke taratibu, na perege wakateleza mtaroni miguuni mwetu. Mwita alisimama tutani akatangaza kwamba hakuna atakayevua pale tena.

Shangazi hakuacha kazi. "Perege nitanunua sokoni Kibara. Wajukuu hawauzwi Kibara."

Kesho yake nilirudi Musoma. Utoro uko wazi, lakini tuta linavuja na daraja bado ni la chini. Shangazi amefunga nyumba yake mpya, amehamia na wajukuu kwa rafiki yake mlimani mpaka masika yaishe, kama mkimbizi wa kiwanja alichokilipia.

Nilikuwa nikiamini kinachoua watu mabondeni ni kutokujua, ndiyo maana nilisoma kwa woga hivyo. Sasa sidanganyiki. Mwita alijua anauza nini. Mhandisi alijua hajarudi kuona. Na sisi tulijua maji yakizidi yanapita wapi, tukapaziba kwa ajili ya kitoweo. Hakuna aliyekosa elimu.