Cherehani ya Mdomoni

Mtaani walimwita Mama Kifungo, maana mwanawe alizaliwa mdogo na wa mviringo kama kifungo cha koti. Alikuwa fundi cherehani mwenye mtindo wake: uzi aulowanishe kwanza kwa ncha ya ulimi ndipo autunge, na pini azibane kwa midomo huku mikono ikikunja pindo. Mtoto akilia, hainuki. Aliupigisha ulimi kwenye kaakaa, "Trrrrr!", kama cherehani inayokimbia, na Kifungo akacheka mpaka kwikwi zimshike.

Basi kidonda kilipomtokea pembeni mwa ulimi, hakukitilia maanani. "Pini imenidunga," alimwambia mumewe. Kilipokataa kupona, akailaumu pini nyingine.

"Pini gani hiyo, mke wangu, inayodunga palepale kila wiki? Ina ramani?"

Akampeleka hospitali. Walinyofoa kinyama kidogo, wakakipima. Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, hakumung'unya maneno.

"Ni saratani, mama, lakini tumeiwahi, bado ndogo. Tutakata kipande cha ulimi, tutoe na tezi za shingo upande huohuo."

"Shingo haina kitu, daktari. Nimejipapasa."

"Hata mimi nimekupapasa. Lakini ugonjwa huu hupenda kujificha humo kabla mkono haujaugundua."

Fundi akauliza swali moja tu. "Na hii nitaweza? Trrrrr."

Daktari alitabasamu. "Kuongea utaongea. Hiyo siwezi kukuahidi."

Baada ya upasuaji alilala na mrija puani, ndio uliomlisha. Alipopewa kioo aliuchunguza mshono wa shingoni, kutoka chini ya sikio hadi karibu na kidevu. Umenyooka, hauna kasoro. Fundi kwa fundi, akaukubali.

Watoto hawakuruhusiwa wodini. Mama mzazi wa fundi alimleta Kifungo uani, akamwinua chini ya dirisha. Mtoto alimtazama mama yake mdomoni, akingoja. Fundi akafumbua midomo. Ulimi umelala tu, mzito kama kitambaa kilichoroa. Kifungo akangoja, akangoja, kisha akalaza kichwa begani kwa bibi yake. Koo lilikuwa limemkauka fundi, lakini alikitamani kile kicheko kuliko maji.

Majibu ya tezi yalipotoka, zote zilikuwa safi. Mumewe alilia waziwazi. Yeye aliitikia kwa kichwa, macho dirishani.

Nyumbani, mkono wa upande uliopasuliwa ulikuwa mzito kuinuka, na kutunga uzi ikawa kazi ya mume.

"Baba Kifungo, tundu liko huku," alisema, maneno yakimteleza. "Huko unashona ukuta."

"Nyamaza, mgonjwa. Nalenga."

Uzi ulipoingia, alikanyaga pedeli. Cherehani ikakimbia, trrrrr. Kifungo, aliyekaa juu ya mabaki ya vitambaa, hakuitazama mashine. Alimtazama mama yake mdomoni.

Fundi akajaribu. "Thhhh." Mate yakamchuruzika kidevuni.

Mtoto alimkazia macho. Kisha akabinua midomo yake midogo, akapuliza: "Brrrrr!"

Mama akajifuta, akabinua yake. "Brrrrr." Ilikwama, ikaanza tena, kama cherehani iliyolegea mkanda. Kifungo akacheka, akaanguka chali kwenye vitambaa, kwikwi zikamshika.

Fundi alicheka naye. Akapuliza tena na tena, huku ndani yake akiitegea sikio ile trrrrr ya zamani, iliyobaki hospitali.