Mashine ya Chuo na Zizi la Pili

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, si ile niliyooa wala ile niliyopata kazi. Ni siku ambayo Bi Zuhura alisukuma karatasi kurudi upande wangu wa meza, akavua miwani, akaniuliza, "Shija, hii ni nini?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwa mtu asiyeona linalomjia. "Ni mahitaji ya kiufundi, mama. Ya ile mashine ya kuhifadhia kazi za chuo."

"Hii ni barua ya posa aliyojiandikia bwana harusi," akasema. "Kajisifu urefu, kajisifu meno, kajisifu ukoo. Na wewe, mjomba wa binti, umegonga muhuri."

Ngoja kwanza nikueleze nilivyofika kwenye meza ile, maana hata mimi huwa najishangaa. Rika langu karibu lote lilikimbilia Geita kuchimba dhahabu. Mimi nilikimbilia kibaraza cha nyumba yetu hapa Shinyanga. Wenzangu wakirudi na baiskeli, kisha pikipiki, mimi nilikuwa napungua uzito nikitoka nyumbani hadi sokoni tu. Kwa cheti changu cha kidato cha nne, chenye alama ambazo hatutazitaja mbele za watu, nikapata ukarani kwenye kitengo cha manunuzi cha chuo kikuu kimoja. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo. Mama wa mjini, mtoto wa wauza vitambaa, aliyeweza kunusa bidhaa mbovu ikiwa bado imo ndani ya boksi.

Chuo kilikuwa na mfumo mmoja wa kompyuta wa pamoja. Walimu na wanafunzi wa idara zote waliuingia, wa hapa Shinyanga na wa tawi letu la Geita. Mfumo ulikuwa umejaa kama gesti za Kagongwa msimu wa mpunga; unaleta kazi yako, unaambiwa hakuna nafasi, jaribu kesho. Serikali ikatoa fedha tununue kabati jipya la diski, kwa sharti la kila mwaka: mwaka wa fedha ukifungwa hujanunua, fedha zinarudi hazina, na wewe unabaki na maelezo.

Mhandisi Masanja, mkuu wa kompyuta, akanipa flashi yenye mahitaji tayari. Alikuwa amepewa na Bwana Sudi, mfanyabiashara wa Mwanza aliyekuwa akituzungukia tangu habari za fedha zisikike. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Bwana Sudi alikuwa na miguu. Nami kazi yangu ilikuwa kuchapa. Nikachapa.

"Ukubwa umeandikwa," Bi Zuhura akaendelea, kidole kikishuka kwenye karatasi. "Kasi imeandikwa. Hata rangi ya kabati imeandikwa, Mungu apishe mbali. Kitakufaje? Sioni."

"Kitakufaje, mama?"

"Diski ni kitu cha kufa, Shija. Muuzaji atakusimulia kitakavyoishi. Wewe mnunuzi, kazi yako ni kuuliza kitakufaje, na kikifa nani atalia. Sasa nenda ukawaulize watakaolia. Anzia Geita."

Geita! Mwanangu, mimi safari ya Tinde naifungia mizigo kama mtu anayekwenda kuhiji. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Leo Baba Kulwa unakwenda machimboni? Watakuchimbia wapi, nasi tujue pa kuleta ubani?" Nikapanda basi na chakula changu kwenye hotipoti. Kufika Kagongwa nilikuwa nimekwisha kukimaliza, na nyumbani nimekwisha kupakumbuka.

Tawi la Geita lilikuwa majengo machache na vumbi jekundu. Huko nikamkuta Mwalimu Kabula, mtafiti wa maji. Kwa miaka mingi mama yule alikuwa akizunguka vijiji vya kando ya machimbo, pale wanapoosha dhahabu kwa zebaki, akichota maji ya visima na kuyapima. Kipimo cha masika, kipimo cha kiangazi, mwaka hadi mwaka. Wanakijiji walikuwa wakimsubiri aupeleke ushahidi huo mbele ya wakubwa wa wilaya, visima vibovu vifungwe na watu waletewe maji mengine. Watoto walikuwa wanayanywa maji yale hata wakati tunaongea.

Nikamwuliza kazi yote hiyo ameihifadhi wapi. Akafungua droo, akafunua kitenge, akanionyesha diski moja ya kubebeka. Akaichomeka. Ikaanza kulia, ko, ko, ko, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Nakala nyingine?"

"Iliondoka na begi langu, stendi."

"Na kwenye mfumo wa chuo?"

"Nafasi iko wapi, Shija? Tena mtandao wa kutoka huku hadi Shinyanga ukikatika, tunabaki kutazamana kama wakwe." Akaizima taratibu, akaifunga tena kitenge chake. "Miaka ya nyuma ikipotea, nimekwisha. Watasema maji yalikuwa hivyo hivyo tangu Mungu ayaumbe."

Nikatoa kalamu, nikamwuliza kile ambacho kila mtu ofisini kwetu alikuwa akiuliza. "Unataka kabati kubwa kiasi gani?"

Akanicheka, si kwa ubaya. "Sitaki kubwa. Nataka nikirudi, nikute."

Wazee walisema akiba haiozi. Ni kwa sababu hawakuwahi kuiona diski. Niliisikiliza ile ko, ko, ko kichwani njia nzima ya kurudi, na niliposhuka Shinyanga nilikuwa mtu mwingine. Sisemi jasiri. Mbishi. Ubishi ni ujasiri wa watu wa nyumbani.

Tukaitisha kikao. Nikasimama, nikasema pendekezo langu: kwa fedha zile zile, tusinunue kabati moja kubwa. Tununue mawili madogo. Moja likae hapa, moja likae Geita, na kila moja litunze nakala ya mwenzake. Ndani ya kila kabati, diski moja ikifa kazi isisimame.

Mhandisi Masanja akaruka. "Madogo? Chuo kizima? Vyuo vya Kanda ya Ziwa yote vitatucheka! Ukubwa ndiyo heshima, bwana. Halafu muda huo uko wapi? Mchagua jembe si mkulima."

"Na asiyetazama mpini hulima kwa kucha," Bi Zuhura akasema bila kuinua macho. Kisha akaniachia uwanja. Nilimchukia kidogo.

Nikamgeukia Mhandisi. "Samahani, Mhandisi. Mzee wako ana ng'ombe?"

"Ng'ombe?" Akakaa vizuri kwenye kiti. Msukuma ukimwuliza habari za ng'ombe wa baba yake, hata akiwa amekasirika atakaa vizuri. "Ng'ombe wa mzee wangu huwezi kuwahesabu kwa kuwaangalia."

"Wanalala zizi moja?"

"Zizi moja? Mzee wangu mjinga? Ugonjwa ukiingia je? Wezi je? Wengine wako kwa mjomba, wengine kwa rafiki yake kule Tinde, wengine..."

Mezani palikuwa na Wasukuma watupu, ukimwondoa Bi Zuhura, na hakuna hata mmoja ambaye ng'ombe wa kwao walilala mahali pamoja. Mkuu wa uhasibu alianza kucheka kwanza, kisha kikao kizima, kisha Mhandisi mwenyewe, akijifuta uso kwa leso. "Shija," akasema, "umenifungia kwenye zizi la baba yangu."

Nikaandika upya. Sikutaja kiwanda wala rangi. Niliandika vifo. Diski ikifa mchana watu wakiwa kazini, iweje. Umeme ukikatika ghafla, kama ulivyo desturi yake, iweje. Chumba chote kikiungua, Geita waone nini. Diski za akiba zije pamoja na kabati, zikae stoo kwetu, si Mwanza. Mhandisi alinisaidia usiku na mchana, na naapa alijua mambo ambayo mimi mpaka leo siyajui; alichokosa ni mtu wa kumwuliza swali la pili. Mwisho kabisa nikaongeza sharti langu: hatutapokea mashine mpaka tuione ikifa na kufufuka mbele yetu.

Zabuni ikatangazwa, ikashindaniwa, na aliyeshinda kwa haki ni Bwana Sudi yule yule. Kumbe makabati mawili anayo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tunayahitaji.

Siku ya mapokezi mwaka wa fedha ulikuwa unakata roho. Bwana Sudi alikuja na suti na katoni ya soda. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ukaguzi. Nikavuta diski moja, mashine ikiwa inafanya kazi. Taa ikawa nyekundu, kazi ikaendelea. Watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa.

"Sasa zima kabati lote la hapa," nikasema.

"Lote, mkuu?"

"Lote."

Likazimwa. Nikampigia simu Mwalimu Kabula, aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta kule Geita, penye kabati la pili. "Fungua nakala ya kazi zetu kwenye kabati la huko. Unaona nini?"

"Naona weupe," akasema. "Hakuna kitu, Shija."

Bwana Sudi akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba. "Ni mpangilio tu mkuu, kitu kidogo sana. Wewe saini, wiki ijayo naleta kijana anamalizia."

Mhandisi akanivuta pembeni. "Shija, saini. Tukikosa leo na kesho, fedha zinaondoka. Hata hayo madogo hatutayapata."

Alikuwa anasema kweli, mwanangu, na hapo ndipo penye ugumu. Nikikataa, huenda tukakosa vyote, na kuku wa Mwalimu Kabula anazidi kulia kwenye droo. Nikisaini, tutakuwa na mazizi mawili na ng'ombe katika moja tu, na kila mtu ataamini wamo katika yote mawili. Lipi baya zaidi? Nikaona hilo la pili. Asiye na kitu hujihadhari. Anayedhani anacho hulala.

"Sisaini," nikasema.

"Kwa nini unanitesa, mkuu?" Bwana Sudi akalalama. "Wenzako wote wamekwisha kukubali!"

"Kaka, mimi ni mtu wa nyumbani. Sina haraka ya kwenda popote. Na chakula nimebeba." Nikavuta kiti, nikakaa katikati ya mlango, nikafungua hotipoti.

Alinitazama. Nikala. Akamtazama Bi Zuhura, naye akaomba kipande cha nyama. Ndipo Bwana Sudi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kuwapigia mafundi wake wa Mwanza kwa sauti ambayo haikuwa na "mkuu" hata moja ndani yake. Walifanya kazi siku ile na siku iliyofuata, Mhandisi akiwa nao bega kwa bega. Jioni, ofisi zikikaribia kufungwa, tukalizima tena kabati. Nikapiga simu Geita.

Nikasikia akibonyeza. Kisha, "Imefunguka. Shija, imefunguka! Wabeja sana, baba, asante."

Nikasaini. Malipo yakaingia pumzi ya mwisho ya mwaka.

Mwalimu Kabula akaanza kuhamisha kazi yake jioni ile ile. Sitakudanganya kwamba yote yalivuka salama. Diski ile ilikata roho ikiwa imebakiza vipimo vya masika moja vya visima kadhaa, na vipimo hivyo havijaonekana hadi leo. Niliumia. Nilimpigia nikamwambia, huenda tusingechelewa kwa ubishi wangu, vingevuka navyo. Akaniambia, "Vipimo hivyo nitavieleza kwa mdomo. Vingine vyote nitavionyesha." Na akavionyesha. Alisimama mbele ya wakubwa wa wilaya na wanakijiji, akaimulika miaka yake ukutani kwa projekta, mmoja mmoja, maji yakiwa safi, kisha si safi sana, kisha sumu. Wakafunga visima vile, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba Mungu ndiye aliyeyaumba vile.

Basi, mwanangu, uliyeingia juzi kwenye ofisi za watu, na unaitwa mkuu na watu wasiokujua. Ukiagizwa kununua kitu cha wengi, usianze kwa muuzaji wala kwa ukubwa. Nenda kwa yule atakayelia kikiharibika, umsikilize mpaka mwisho, hata kama yuko mbali na kwenu, na uandike alichosema. Uliza kitu kitakufaje kabla hujauliza kinaishije. Usiamini nakala ambayo hujawahi kuifungua. Na watu wakikuharakisha, wakakwambia mwaka unakwisha, fedha zinaondoka, wenzako wamekwisha kukubali, kumbuka kwamba huenda wanasema kweli, na bado ukae.

Mungu akupe mguu mwepesi wa kwenda kuuliza, na mkono mzito wa kusaini. Amina.