Kabla ya Kugusa Programu ya Meza Sita

Siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo hunidunda kama wa kijana. Shule yetu kule mtaa wa Jabe ilikuwa imeunganisha kompyuta sita, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzitunza. Programu ya alama za wanafunzi ilikaa kwenye mashine moja, seva, na sote tuliifungua kutoka humo. Programu moja, meza sita! Nilijiona nimeshika ufunguo wa dunia.

Asubuhi hiyo nikaletewa diski yenye programu mpya. Mzee Saidi, aliyenifundisha kazi, akaniambia, "We kijana, watu wote watoke kwenye programu kwanza. Na ile ya zamani uiweke pembeni."

"Apana, mzee, ni dakika mbili tu!"

Niliijaribu mezani kwangu, ikaenda mbio ajabu. Basi nikaibandika papo hapo kwenye seva, juu ya ile ya zamani. Kumbe chumba cha pili Mama Espérance, mwalimu wa hesabu, alikuwa bado anaingiza alama. Nikasikia, "Yesu wangu! Nani ameshika nini?"

Alama za darasa zima ziliharibika. Karatasi za mtihani wanafunzi walikwisha kurudishiwa, ikabidi tuwaite wazilete, wengine kutoka mtaa wa Musaga, wengine Carama. Wote walileta isipokuwa Aline. Yake ilikuwa imelowa mvua, haisomeki. Naye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, na bila alama ile asingepokelewa shule ya sayansi. Mkurugenzi wa shule hakukubali neno tupu bila karatasi: akaamuru arudie mtihani.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Akaniita kama mjomba wake: "Tonton, kosa lako, jasho langu?"

Aliurudia, akapata alama pungufu. Hakupokelewa mwaka ule. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, ukikabidhiwa chombo cha wengi, kifurahie. Mimi mzee bado nakifurahia! Ila kisima hakichimbwi watu wakichota. Pita meza kwa meza, kila mmoja akwambie kwa kinywa chake kwamba ametoka. Ya zamani usiifute mpaka mpya izoeleke. Na aliyekutangulia kazini akisema ngoja, ngoja, hata kama miguu inawasha.

Mungu akupe kazi ya kukurusha roho, mwanangu, na asikuache uwe sababu ya mtoto wa mtu kufanya mtihani mara mbili.