Ijumaa ya Mpanga Ratiba

Siku niliyoripoti shuleni, na begi moja na barua ya ajira, mkuu wa shule hakuniuliza habari za safari wala za chuo. Alinipa chaki akaniambia niandike jina langu ubaoni. Nikaandika. Akasimama akilitazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Mwandiko wako umenyooka," akasema. "Ratiba utatengeneza wewe."

"Lakini mimi ni mwalimu wa Jiografia, mkuu."

"Aliyekutangulia alikuwa wa Dini. Ratiba haina somo."

Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi iliyonishika mpaka nastaafu. Nyinyi walimu vijana mnabofya kompyuta inawapangia, halafu mnalalamika kwamba imewaonea. Zamani mlikuwa na mtu wa kumlalamikia, na mtu huyo alikuwa mimi.

Shule yetu iko juu ya Himo, katikati ya vihamba, mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Nilipoanza ilikuwa na kidato cha kwanza hadi cha nne, kila kidato mkondo mmoja, yaani darasa moja tu. Nilikata vipande vya manila, kila mwalimu na rangi yake, kipande kimoja kipindi kimoja, nikavipanga juu ya meza ya maktaba. Madarasa yalishuka upande huu, saa zikaenda upande ule. Rangi moja ikitokea mara mbili katika saa ileile, huo ndio tunauita mgongano: mwalimu anatakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Unakihamisha kipande, na pale unapokipeleka unazaa mgongano mwingine. Ukiwa mtu wa hasira za haraka, utakuja kuvitupa vyote dirishani. Mimi nilivitupa mara moja, nikatoka nje kuviokota kwenye matope.

Kazi hiyo inafanywa Desemba, shule ikiwa tupu. Na mnajua Desemba ya huku kwetu ilivyo. Watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza, Arusha. Kila kihamba kina mbuzi anayechomwa na ndugu wanaocheka. Mimi nilikuwa maktaba, mlango nimeufunga, kwa sababu kila mwalimu aliyebisha hodi alikuja kuombea vipindi vyake. Nilizisikia kelele za watu wangu mwenyewe kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nilikuwa mpweke, sitalipamba jambo hilo.

Mpanga ratiba halipwi. Lakini shule yetu ilikuwa na desturi yake: Ijumaa mchana ni ya mpanga ratiba. Anajiachia vipindi vya mwisho vya wiki, anaondoka, na hakuna anayenung'unika. Yule wa Dini aliitumia kupalilia kahawa. Mimi niliitumia kwenda kwa mke wangu.

Mke wangu, Nakijwa, alikuwa muuguzi Same, kwao. Aliomba uhamisho kila alipoweza, akajibiwa asubiri, wauguzi ni wachache. Mimi nami sikuweza kuhama. Ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba, kihamba na mama. Basi tukaishi hivyo, yeye Same na binti yetu Neema, mimi mlimani na mama. Ijumaa mchana nilishuka Himo, nikapanda basi, nikafika jua halijazama. Neema alikuwa anasimama getini. Walimu walinitania kwa jina la Bwana Ijumaa, na nilipenda kuitwa hivyo. Siku nyingine zote za wiki nilizivumilia tu.

Kisha shule ikaanza kukua. Mkuu wa shule wa pili alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye sauti ndogo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumkatalia kitu. Wananchi wakatoa eneo ng'ambo ya korongo, yakajengwa madarasa na mabweni, tukapewa kidato cha tano na cha sita. Ikaja mikondo, zikaja tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ambayo mwanafunzi anayabeba hadi mwisho. Korongo nalo likaingia kwenye ratiba yangu. Mwalimu akilivuka siku ya mvua anafika ng'ambo viatu mkononi na nusu ya kipindi imekwisha, kwa hiyo ilibidi kila mmoja abaki upande mmoja mpaka mapumziko. Madarasa yalizidi, walimu hawakuzidi. Ijumaa mchana, ambayo zamani ilikuwa na nafasi za kumwaga, ikabana hadi nikaona jambo moja wazi: mwalimu mmoja tu ndiye angeweza kuondoka. Wakiondoka wawili, darasa moja linakaa bila mtu.

Nikiwa bado nayatazama hayo, mkuu wa shule akaja maktaba, akavuta kiti akakaa.

"Aikande ameomba uhamisho," akasema.

Aikande alikuwa mwalimu wetu pekee wa Fizikia. Mume wake alifanya kazi Tanga, na alikuwa na mtoto mchanga.

"Akiondoka?"

"Akiondoka, tahasusi za sayansi nazifunga. Na wanafunzi wameshapangiwa kuja hapa. Wengine ni watoto wa hawahawa waliotupa ardhi."

"Anataka nini ili abaki?"

Aliokota kipande cha manila cha kijani, rangi yangu, akakigeuzageuza.

"Ijumaa mchana, mwalimu. Awahi basi la Tanga."

"Wawili haiwezekani, mkuu. Nimeshajaribu."

"Najua. Makamu wangu ameniambia." Akakirudisha kile kipande palepale alipokitoa. "Sikulazimishi. Ijumaa ni yako kwa desturi, nami siwezi kuivunja. Zungumza na mama watoto kwanza."

Krismasi ile nilikwenda Same, nikamweleza Nakijwa akiwa anapiga pasi sare zake za kazi. Alisikiliza hadi mwisho. Kwa kweli nilitaka akatae. Nilitaka anipe sababu ya kurudi mlimani na kusema mke wangu hataki.

"Huyo mtoto wake ana umri gani?" akauliza.

"Bado ananyonya. Wanasema akimwona baba yake analia, hajamzoea."

Aliiweka pasi chini.

"Basi mpe, baba Neema. Wetu ameshaijua sura yako."

"Na sisi?"

"Sisi tutastaafu. Nitapanda huko kwenu kwenye baridi yenu, tutakaa mpaka tuchokane."

Nikampa. Jumamosi asubuhi nayo ilikuwa imeshamezwa na masomo ya ziada yaliyokuja na kidato cha tano, na mama yangu alikuwa haamki tena kitandani. Nikawa nakwenda Same mwisho wa mwezi, nafika Jumamosi giza limeingia, naondoka Jumapili baada ya ibada. Ijumaa mchana nilifundisha Jiografia ng'ambo ya korongo, na kutoka darasa lile unaiona barabara ya Himo vizuri kabisa. Niliyaona mabasi yakipita. Niliwageuzia wanafunzi mgongo nikaandika ubaoni zaidi ya ilivyohitajika.

Aikande alibaki. Jumatatu alikuwa akinisubiri ofisini: "Shikamoo mwalimu, nimekuletea machungwa ya Muheza." Hakukosa hata mara moja, na sikuwahi kumchukia, ingawa nilijaribu. Watoto wa Fizikia walifaulu. Mmoja ni daktari mjini Moshi, juzi kanipima presha akanigombeza kwa chumvi kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

Miaka ikapita, tukapata walimu wengine wa sayansi, na Aikande akahamia Tanga kwa heri. Ijumaa ikawa yangu tena. Nilimpigia Nakijwa simu kutoka palepale maktaba.

"Ijumaa imerudi," nikamwambia.

"Baba Neema, Ijumaa siku hizi naingia zamu ya usiku. Nilibadilishana na mwenzangu zamani sana. Nilikuwa siwezi kukaa humu ndani siku hiyo."

Nilimwachia Ijumaa kijana mmoja, mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa na shamba la nyanya.

Nilipostaafu walinichinjia mbuzi, ofisa elimu akasema maneno mazuri, na Nakijwa, ambaye alikuwa amestaafu kabla yangu, akapanda mlimani na masanduku yake kama alivyoahidi. Alikaa msimu mmoja wa masika. Baridi ilimwingia magotini. Majirani walimsalimu Kichagga, wakacheka alipojibu, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Nilikula saa sita kamili kwa mazoea ya kengele. Yeye, aliyeishi kwa zamu, alikula njaa ilipomuuma. Mara nyingi nilimkuta jikoni akiwa ameshamaliza. Siku moja akasema anashuka Same kuangalia nyumba, na wote wawili tulijua anamaanisha nini. Hatukugombana. Ingekuwa afadhali.

Mkiniuliza kama ningefanya tena vile, nitasema ndiyo. Watoto wale walihitaji mwalimu, na yule mchanga alimhitaji baba. Lakini msimwamini anayewaambia kwamba nafasi uliyoiacha inakusubiri. Nimepanga ratiba maisha yangu yote na sijawahi kuona nafasi inayokaa wazi. Inachukuliwa, na anayeichukua hana kosa.

Siku hizi nina wakati kuliko mtu yeyote ninayemjua. Wiki iliyopita nilimpigia.

"Mama Neema, nikija Jumatano?"

"Jumatano nina kwaya."

"Ijumaa je?"

"Ijumaa tunatembelea wagonjwa, na wale wenzangu wananitegemea." Nikamsikia akifikiri. "Alhamisi mchana sina kitu. Njoo Alhamisi, nitakupikia. Ila usichelewe, saa kumi nina kikundi."

Nikamwambia sitachelewa.