Kopo la Rangi na Mahindi ya Bibi

Wiki iliyopita, hapa Korogwe ninapofundisha, binti mmoja wa darasa la sita alisimama mbele ya jaribio la wenzake akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona hili lina mfuniko na lile halina?" Darasa likamcheka, maana walishaanza kupiga makofi. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Umeuliza vizuri, kaa," kisha nikatoka nje, nikasimama kwenye korido kama mtu aliyesahau chaki ofisini. Swali hilohilo, ndugu yangu, niliulizwa nikiwa mtoto kule Handeni, nikalijibu kwa kiburi. Leo nakusimulia wewe, maana nimelibeba muda mrefu mno.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito iliyoiva kwa masizi. Huko darini yalikaa mahindi ya mbegu na maganda yake, yamefungwa mafungumafungu. Si haya mahindi unayoyajua wewe. Yalikuwa mafupi, punje ngumu, nyekundu. Yakipikwa kande, jirani alikuja na bakuli bila kuitwa. Bibi aliyarithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kijiji kizima kilikuwa kimeshahamia mbegu za dukani, akabaki yeye tu, wakamwona mkaidi.

Ili dumuzi, wale wadudu watoboao punje, wasiyaguse, moshi haukutakiwa kukatika. Hata siku ambayo hapakuwa na cha kupika, bibi alisukuma gogo mekoni likafuka kutwa. Kuokota kuni ilikuwa kazi yangu kila nikitoka shule. Na ule moshi ulimla macho. Yalikuwa mekundu, yanatiririka, na pembe ya khanga yake haikukauka. Sindano hakuweza tena kuitunga uzi. Mimi mjukuu wake nikisimama mlangoni aliuliza, "Nani huyo?" Hilo liliniuma kuliko kitu chochote. Pale zahanati walimwambia auache moshi, naye akawajibu, "Nikiuacha, masika nitapanda nini?"

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa milimani kwenye baridi, na sweta hakulivua hata jua la Handeni liwake vipi. Ndiye aliyetufundisha kuunda nadharia tete. "Si kubahatisha," alisema. "Sema: ikiwa nitafanya hivi, basi itakuwa hivi. Halafu uwe tayari kuonekana umekosea." Akatufundisha na vigeu: kimoja unakibadilisha, kimoja unakipima, vingine vyote unaviacha vilevile. "Vilevile!" alirudia huku akigonga meza, mpaka tukawa tunamwigiza njiani. Kisha akatuagiza kila mmoja alete tatizo la nyumbani kwao.

La kwetu nililijua. Niliandika kwenye daftari: ikiwa mahindi yatachanganywa na majivu, basi dumuzi hawatayala, hata bila moshi. Niliandika dumuzi, lakini nilikuwa nawaza macho ya bibi.

Nilimwomba punje mia mbili. Alizichagua moja moja kwa kuzipapasa, akanifungia kwenye kitambaa. Mia moja nilizichanganya na majivu nikazitia kwenye kopo la rangi, alilotuachia fundi aliyepaka zahanati. Mfuniko wake ulibana kiasi kwamba kuufungua kulihitaji mpini wa kijiko. Mia nyingine, zisizo na majivu, niliziweka kwenye bakuli la plastiki, maana kopo lilikuwa moja tu. Nikatia dumuzi kumi huku na kumi kule, tukaviweka juu ya kabati la darasa kwa wiki tano.

Siku ya matokeo bakuli lilikuwa limejaa unga na matundu. Kopo tulipolifungua, punje zilikuwa nzima. Tukazipasua zote kwa wembe tuone ndani, hakuna hata moja iliyoliwa. Makofi! Hapo rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Mbona kopo lina mfuniko na bakuli halina?" Nilimfinya paja. "Mfuniko ni dawa, kwani? Wivu tu huo!" Akabaki, maskini, anasugua paja lake.

Mwalimu naye akaniuliza, "Ulichobadilisha ni kimoja tu?"

"Kimoja tu, mwalimu. Majivu."

Alinitazama kidogo, kisha akaweka alama ya vema. Sitakudanganya kwamba sikujua. Mfuniko niliuona. Sikutaka tu uwe na maana yoyote.

Jioni nilimweleza bibi yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Una hakika, mke mwenzangu?" Ndivyo alivyoniita, utani wa bibi na mjukuu, ingawa babu alikuwa ameshafariki zamani.

"Nina hakika, bibi. Mwalimu kaweka vema."

Siku mbili hakulitaja tena. Siku ya tatu aliniambia nipande darini nishushe mahindi. Tukapukuchua hadi vidole vikawaka moto, tukachanganya majivu, tukajaza gunia, tukalifunga kwa kamba ya katani. Mafungu yote tuliyashusha, hata moja halikubaki juu, na mimi msomi wa watu sikufungua mdomo kumwambia abakize. Bibi akachukua kata ya maji akalimwagia lile gogo. Lilipiga mvuke, likazima.

Lo, miezi ile! Macho yalianza kumrudia taratibu. Kabla ya vuli kwisha alikuwa anatunga uzi mwenyewe. Alinishonea upindo wa sketi ya shule, mishono midogo kama ya cherehani. Aliniita kwa jina nikiwa bado kule barabarani. Jirani alipita asubuhi moja na shati aliloligeuza ndani nje, bibi akamtania mpaka yule mzee akakimbilia nyuma ya choo kulivaa upya. Nilikuwa natembea kifua mbele, nakwambia. Nilijiona daktari.

Mwezi wa tatu mawingu yakajikusanya, bibi akasema tufungue gunia. Tulipolegeza kamba vumbi lilipanda hadi usoni. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga, na dumuzi wanatembea juu ya vidole. Alileta ungo, akapepeta, akapepeta tena. Zilizobaki hazikujaa viganja viwili, nazo zilikuwa na matundu. Tulizipanda hivyohivyo pembeni ya nyumba, nikawa naamka alfajiri kwenda kuzitazama. Haikuota hata moja.

Bibi alizunguka vijiji vya ndugu zake kwa miguu, anaulizia mbegu ile nyekundu. Alirudi siku ya tisa na kapu tupu, miguu imevimba. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nalia, naye hakuniuliza nalia nini.

Mwalimu alipopata habari alikuja nyumbani, na sweta lake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Hakukaa. "Bibi, kosa ni langu. Nilimwuliza mara moja tu. Ilinipasa nilitazame kopo mwenyewe. Dumuzi walikufa kwa kukosa hewa chini ya mfuniko, si kwa majivu."

Bibi alimletea maji kwanza, akangoja anywe. "Usimchape mtoto," akasema. "Macho nimeyapata. Mbegu ya mama yangu ndiyo sina."

Tulipanda ya dukani kama wengine, na ilizaa vizuri, njaa hatukulala. Moto wa kutwa haukuwashwa tena, kwani ulinde nini? Bibi aliona vizuri mpaka alipofariki. Lile jiko wameshalibomoa, wamejenga la matofali lenye jiko la gesi, na fito za dari ziliishia kuwa kuni. Wanangu nikiwaeleza kande ile ilivyonukia wananiitikia tu kwa adabu. Na la kutisha ni kwamba ladha yake mimi mwenyewe siikumbuki sawasawa, na sina wa kumwuliza.

Lakini kuna jambo moja sijakwambia. Mwaka ule nilipoajiriwa ualimu nilikwenda kumuaga bibi. Alikuwa uani anachambua mboga. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Bibi, lile kopo lilikuwa na mfuniko. Niliuona. Niliambiwa, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka iwe majivu."

Aliendelea kuchambua, nikadhani hakunisikia. Halafu akaniinulia yale macho yake, meupe, makavu, akanitazama usoni.

"Na mimi nililijua gunia si kopo, mke mwenzangu," akasema. "Nililala siku mbili nalifikiria. Lakini nilikuwa nimechoka na moshi."

Akanisogezea nusu ya mboga, tukachambua pamoja.